Kwa Idrisa, Kuhusu Sadaka Iliyoliwa

Ngamiani, Tanga
Mwezi wa Mlisho

Mwanangu Idrisa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo na huyo mdogo anayeota meno. Huku sote wazima. Magoti yangu ndiyo yanayolalamika, na mvua zimetuachia matope hadi kizingitini, lakini hayo si ya kuandikia barua.

Ama baada ya salamu. Mama yako kanipigia juzi na habari mbili. Ya kwanza, kwamba umetapeliwa shilingi laki mbili na watu waliokuonyesha picha ya mtoto mwenye ugonjwa wa moyo. Ya pili, kwamba umeapa hutoi tena mchango kwa mtu usiyemjua, iwe ugonjwa, iwe msiba, iwe msikiti. Ya kwanza imeniudhi. Ya pili ndiyo iliyonifanya nitafute kalamu. Laki mbili Mungu atakupa nyingine. Mtu aliyekwisha kuapa kutotoa harudi upesi hivyo, na Ramadhani hiyo inabisha hodi.

Unajua kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Meza ya ustawi wa jamii hospitalini ndiyo mahali pa mwisho watu wanapofika wakishashindwa kwenye dirisha la malipo. Wenye shida ya kweli nimewaona, na waliokuja kuiigiza nimewaona, mara nyingine wamekaa benchi moja. Kwa hiyo sikuandikii kama mhubiri. Nakuandikia kama mtu aliyezoea kupekua makaratasi ya watu huku akiwapa glasi ya maji.

Nilimwomba mama yako anirushie ule ujumbe uliotumiwa, nikauvalia miwani. Hebu tuusome pamoja. Kuna picha ya mtoto amelala, mipira puani. Kuna jina lake kamili na umri. Kuna kiasi kinachotakiwa, mpaka ile mia tano ya mwisho. Kuna habari kwamba upasuaji ni kesho saa mbili asubuhi. Kuna namba ya kutumia fedha. Na chini kabisa kuna ombi kwamba watu wasipige simu, kwa sababu mama wa mtoto hawezi kuongea kwa kilio. Watume fedha na ujumbe wa pole tu. Sasa tazama kisichokuwemo. Hospitali haikutajwa jina, imeandikwa "hospitali kubwa ya Dar". Hakuna wodi, hakuna namba ya faili, hakuna namba ya malipo. Ujumbe mrefu namna ile umesema kila kitu isipokuwa mahali ambapo mtu angeweza kwenda kumwona huyo mtoto.

Na wewe unakaa Ilala. Mtoto wa moyo katika nchi hii, akifikia hatua ya kupasuliwa, mara nyingi anaishia kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale pale Muhimbili. Zamani tulikuwa tunahangaika na barua za kuwapeleka India. Siku hizi wengi wanatibiwa hapo, na kuna nyakati madaktari wageni huja kuweka kambi pamoja na wa kwetu. Kutoka kwako ni daladala moja.

Halafu hospitali ya serikali haipokei malipo kwa simu ya mtu. Inatoa kumbukumbu namba ya malipo, ile mnayoiita control number, inayopita kwenye mfumo wa malipo wa serikali. Fedha inakwenda kwenye bili ya mgonjwa. Haipiti mkononi mwa mjomba wala rafiki wa familia. Basi mtu akikuomba mchango wa matibabu, mwambie hivi: nipe kumbukumbu namba ya bili, au niambie mgonjwa yuko wodi gani nifike dirishani mwenyewe. Mwenye mgonjwa atakushukuru, umempunguzia safari. Tapeli ataanza kukueleza kwa nini leo namba hiyo haipatikani.

Kuna jambo wachangaji wengi hawalijui. Hospitali kubwa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii, na huko ndiko anakopelekwa mgonjwa asiye na uwezo, akiwa na barua ya serikali ya mtaa, aombe msamaha wa gharama. Msamaha hautoki kwa kila mtu wala kwa kila kitu, nisikudanganye. Lakini nilichokiona miaka yote ni kwamba kinachowamaliza watu mara nyingi si bili. Ni mama aliyetoka Kilindi na mtoto mgongoni: mtoto kalazwa, bili imesamehewa, na yeye mwenyewe analala kwenye kibaraza nje ya wodi kwa sababu hana pa kula wala nauli ya kurudi. Dawa imekosekana dirishani, ameandikiwa akanunue duka la nje, na ile karatasi ya dawa ameishika siku ya tatu sasa. Huyo hana mtu wa kumtengenezea tangazo. Elfu ishirini yako kwake ni dawa, ni sahani ya ubwabwa na ni tikiti ya basi. Ukitaka kutoa katika ugonjwa, kuna siku usitume. Nenda, ingia ofisi hiyo, sema nina kiasi fulani na nataka kimfikie mgonjwa asiye na ndugu. Hawatakusomea faili la mtu, maana siri ya mgonjwa ni siri, lakini hawatakosa wa kukuonyesha.

Nikufundishe na la mezani kwangu. Mwenye shida ya kweli mara nyingi haelezi vizuri. Anaanzia katikati, anachanganya tarehe, jumla ya bili haijui, ukimbana ataje kiasi anaona haya na kusema "chochote tu". Vyeti vyake vimekunjwa mara nane ndani ya mfuko. Aliwahi kunijia mzee mmoja nadhifu, kanzu imepigwa pasi, na barua ya daktari ya upasuaji wa haraka. Barua ilikuwa imelaminetiwa. Nikaitazama ile tarehe, ya miaka mingi nyuma, nikamwuliza: mzee wangu, barua ya haraka hii nani alipata nafasi ya kuipeleka kutiwa plastiki? Akacheka, nami nikacheka, akanywa chai akaenda zake. Sisemi kila mwenye karatasi safi ni mwongo. Wapo watunzaji. Nasema hadithi iliyonyooka mno, isiyo na pengo hata moja, ndiyo inayotaka maswali.

Najua utaniambia, shangazi, mimi nilikuwa kazini, nina wateja, ningeanzia wapi kuuliza? Hapo ndipo penyewe. Ulikuwa umebanwa, ile picha ikakuuma, ukatuma ili moyo utulie urudi kwenye kazi. Sadaka nyingi zinazoliwa ni za namna hiyo, zile tunazotoa ili tuondokewe na usumbufu wa kumfuata mwenye shida alipo. Tapeli analijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana kila siku upasuaji wake ni kesho. Wewe ulisema utaacha kutoa. Mimi nasema acha kutoa kwa pupa, na lile jicho ulilokuwa umelifumba ulifumbue.

Wala usidhani ujanja ni wa vijana wa simu peke yao. Tetemeko la Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, unalikumbuka? Nchi nzima ilichanga, na serikali ikatangaza akaunti ya kupokelea michango. Mwezi haujaisha, Rais Magufuli akatengua uteuzi wa katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina lile lile la akaunti ya maafa. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama, mimi si hakimu. Ninachotaka ukitazame ni hiyo mbinu: jina lile lile, namba nyingine. Mchangaji anasoma jina anatulia. Kwa hiyo jina la akaunti lisikutoshe. Namba ichukue kwenye chanzo chenyewe, kwenye tovuti ya taasisi, kwenye ofisi yao, kwenye tangazo la redio, usiichukue kwenye picha iliyorushwa kundini. Tangazo la kweli likibadilishwa tarakimu mbili, nani kwenye kundi atajua?

Na makundi yenyewe ndiyo hayo ya WhatsApp. Sina ugomvi nayo. Yamezika watu na kuoza watu. Lakini rafiki yako akikuomba fedha humo, mpigie simu ya kawaida, siyo kupitia WhatsApp hiyo hiyo, maana huenda akaunti yake imetekwa baada ya yeye mwenyewe kumpa mtu ile namba ya uthibitisho ya tarakimu sita. Siku hizi hata sauti inaigwa kwa akili mnemba. Ukimpata, muulize kitu cha nyumbani ambacho mgeni hakijui. Halafu, kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Lisome, baba. Ujumbe unasema fedha inakwenda kwa mama wa mtoto, simu inaonyesha jina la mwanamume. Watasema ni namba ya shemeji, ni ya wakala, laini ya mama imepotea. Inawezekana. Basi subiri laini ya mama ipatikane.

Mchango wa kundi unaoeleweka utaujua. Mweka hazina ni mtu mwingine, siye mwenye shida wala siye aliyeleta habari. Orodha inatoka kila jioni, ahadi upande wake na taslimu upande wake. Mwisho stakabadhi ya hospitali au ya jeneza inapigwa picha wote wakaiona. Akitokea wa kusema tusiulize hesabu tutamkwaza mfiwa, mfiwa hayumo katika maneno hayo. Anayekwazika ni mwenye kushika fedha.

Kaka yako aliye Maskati naye yamemfika, ingawa yeye hakuapa. Aliombwa achimbishe kisima kijijini, akalipa, akaletewa picha nzuri: watoto wanacheka, maji yanatoka, kibao kina jina la marehemu baba yenu. Akafurahi, na mimi nikafurahi. Baadaye mwenzake wa kazini, Mzanzibari, akamwonyesha picha ya kisima chake. Mti ule ule, ufa ule ule kwenye saruji, kibao kina jina la marehemu wa huyo mwingine. Sasa hivi akitaka kutoa kitu cha namna hiyo anamtuma mtu wa kwetu afike, aongee na mwenyekiti wa kijiji, ateke maji anywe. Nauli ya huyo mtu anaihesabu kuwa sehemu ya sadaka, na mimi naona yuko sawa.

Sasa la watoto barabarani. Hili litakuuma, lakini lisikie. Mwaka 2022 BBC Africa Eye ilitoa filamu kuhusu watoto wenye ulemavu waliochukuliwa huku kwetu Tanzania wakapelekwa Nairobi kuombaomba. Wanasukumwa kwenye viti vya magurudumu hadi barabarani, wanakaa juani kutwa, na fedha zinaishia kwa waliowaweka pale. Kila aliyedondosha sarafu alikuwa na huruma ya kweli. Huruma hiyo ndiyo iliyofanya ionekane ni biashara yenye faida kwenda kumtafuta mtoto mwingine. Mtoto mwenye njaa mnunulie chakula, ale mbele yako. Fedha usimtilie koponi. Na ukimwona yule yule, kona ile ile, siku ya shule, kuna mtu mzima amekaa kivulini anamtazama, piga 116. Ni simu ya watoto, ni ya bure, na kusafirisha watu namna hiyo ni kosa kwa sheria yetu ya tangu 2008.

Mzee anayekaa mlangoni mwa msikiti Ijumaa ni habari nyingine. Huyo mpe ulichonacho, usimhoji. Sitaki uwe mtu wa kumdai ombaomba kitambulisho kwa sababu ya shilingi mia tano. Ukaguzi uende na ukubwa wa fedha. Kwa ndogo, nia yako inatosha. Kwa laki, uliza. Kwa milioni, fika.

Vituo vya yatima navyo nivigusie, maana najua ofisini kwenu kila Ramadhani mnachanga. Nenda kituo chochote mwezi wa Ramadhani utakuta magunia ya mchele yamefika darini, soda, tende, watu wanapiga picha na watoto. Rudi mfungo tatu. Sukari hakuna, na mlezi anadaiwa dukani. Kama mnataka kusaidia, chagueni miezi ambayo hakuna mtu anayekwenda, na mlipe kitu kisichopigwa picha: ankara ya maji, mshahara wa mpishi, sare za shule. Kabla ya hapo ulizeni leseni. Makao ya watoto yanapaswa kuwa na leseni kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anavijua vituo vyake. Ulizeni na swali ambalo wageni hawaliulizi: watoto hawa wana ndugu wapi? Wengi wanaoitwa yatima wana mzazi aliye hai, ila masikini. Nimewahi kumwona bibi analia kwa kumpeleka mjukuu kituoni kwa sababu ya ada na daftari. Ada na daftari! Wenzetu Kenya wamekwisha kuweka mkakati wa kitaifa, wa 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kwenye familia badala ya kuwalundika vituoni. Kituo kinachokutajia watoto kiliowarudisha kwa shangazi zao mwaka jana, hicho nakipa fedha zangu kabla ya kile kinachojisifu kwa idadi ya vitanda.

Kuhusu mashirika, nitapita haraka. Asasi isiyo ya kiserikali inasajiliwa kwa Sheria Namba 24 ya mwaka 2002, na msajili wake yupo. Uliza namba ya usajili, kisha uithibitishe kwa msajili mwenyewe. Akaunti iwe kwa jina la asasi, watia saini wawe zaidi ya mmoja, upewe stakabadhi, na taarifa ya kazi na fedha ya mwaka waitoe bila kununa. Cheti ni mwanzo tu. Hata tapeli anaweza kusajiliwa. Nimewaona wenye cheti kwenye fremu ya dhahabu.

Lakini usiende upande wa pili ukasema mashirika yote ni wezi. Liko shirika la Kimarekani, GiveDirectly, lililoanza Kenya kwa kuwapelekea masikini fedha taslimu kwa M-Pesa, wenyewe waamue la kufanya. Watu wakasema zitanywewa pombe. Watafiti waliowafuatilia wanavijiji wa Siaya, matokeo yao yakatoka 2016, wakakuta matumizi ya pombe na sigara hayakupanda. Watu walinunua chakula, mifugo na mabati. Mwaka 2023 shirika hilo hilo likajitangaza lenyewe kwamba limeibiwa takriban dola 900,000 katika mradi wake wa Kivu Kusini, Kongo, na kwamba miongoni mwa wafanyakazi wake wamo walioshiriki, kwa mchezo wa laini za simu zilizosajiliwa kwa ajili ya wanufaika. Mwingine angesoma hayo akasema umeona? Mimi nilisema hawa naweza kuwapa. Panapopita fedha nyingi wezi watafika. Ninachotaka kujua ni kama mwenye nyumba atapiga kelele au atafunga dirisha.

Ukija kwenye zaka, hiyo si ya kukurupuka hata kidogo. Ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango, ambacho wanazuoni wengi wanakipima kwa gramu 85 hivi za dhahabu, ikikaa mwaka wa Kiislamu. Wanaostahili ni makundi manane yanayojulikana. Baba, mama na wanao hawapo, kwa kuwa hao kuwalisha ni wajibu wako. Ndugu wengine wenye dhiki wamo, na ukimpa ndugu umetoa na umeunga undugu. Shangazi naye yumo akiwa masikini. Mimi bado, nashukuru pensheni. Ukiona huwezi kuwatafuta wanaostahili, wapelekee wanaoaminika. Wazanzibari wana Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hapo kwenu muulize imamu mnayemjua, tena umuulize na hesabu ya mwaka jana. Imamu mzuri hakasiriki. Anayekuahidi riziki ya mara mia ukimtumia fedha ya dua, awe ustadhi wa redioni au mchungaji wa mbegu ya muujiza, huyo anauza bidhaa, na bidhaa haina dhamana.

Ushauri wa matumizi ni mfupi. Mshahara ukiingia, tenga fungu la sadaka siku hiyo hiyo, hata elfu thelathini, liweke kando. Linapokwisha, una haki ya kusema mwezi huu nimemaliza, mwezi ujao inshallah, bila kujiumauma. Sadaka ya mkopo wa simu, ya Songesha, usiitoe kamwe. Nimesikia vijana wanakopa mikopo ya kausha damu ili wasionekane wabahili kwenye orodha ya kundi. Hiyo si sadaka, ni woga. Na kabla hujafika kwa watu wa mbali, tazama walio mlangoni: dada anayewasaidia kazi analipwa kwa wakati? Mlinzi wenu mtoto wake kaanza shule? Hao hawahitaji kukaguliwa kwa msajili.

Kwa laki mbili iliyokwenda, usikae nayo kwa aibu. Ule ujumbe na namba ya matapeli hao vitume kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kupokelea taarifa za utapeli. Waambie na mtandao wako wa simu. Safari nyingine ukiwahi kabla fedha haijatolewa, kuna kuizuia. Kafungue jalada polisi. Bonyeza *106# ukague laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana waliokupata mara moja watakujaribu tena. Jihadhari na mmoja hasa: atakupigia kwa sauti ya heshima, ajitambulishe kuwa afisa, aseme fedha zako zimepatikana, inatakiwa ada ndogo tu ya kuzitoa. Huyo ni ndugu wa yule wa kwanza. Na rafiki zako waambie kilichokupata. Ukinyamaza wewe, wataliwa wao.

Kuna mtu wa kwetu sasa, na hili ndilo nililoliweka mwisho kwa makusudi. Mwanawe Bi Zuhura, yule mkubwa, figo zimechoka. Anasafishwa damu kila wiki, bima imefika ukingoni, na familia imekaa Jumapili. Mweka hazina ni Mzee Hamisi wa duka la vyuma. Orodha anaibandika kundini kila baada ya Isha. Bili ya mwezi huu ina kumbukumbu namba yake. Sikuiandika humu, na ukiletewa na mtu mwingine yeyote kwa jina langu usiilipe. Nipigie kwenye simu yangu ile ile ya siku zote, nikusomee, kisha umuulize na Mzee Hamisi kama zinafanana. Ukiridhika, toa unachoweza. Usiporidhika, panda basi uje umwone mgonjwa mwenyewe. Kitanda kipo na samaki wapo.

Msalimie mkeo. Mtoto mpigie picha hayo meno uniletee.

Ni mimi shangazi yako,
Bi Mwanaisha